Wiki za Mhariri: Kisa cha Robert Wise, Kutoka Meza ya Kukatia Filamu Hadi Kiti cha Mtayarishaji

Mhariri wa filamu anapotamani kuwa mtayarishaji, swali la kwanza analoulizwa ni la fedha: mtaji atautoa wapi, na nani atamkabidhi bajeti. Kisa cha Mmarekani Robert Wise kimenifanya niamini kwamba kuna swali linalotangulia hilo. Zile wiki zilizo kati ya mkato wa kwanza, yaani toleo la kwanza la filamu iliyounganishwa, na nakala inayopelekwa kwenye majumba ya sinema ni za nani? Humo ndimo filamu hupona au hufa. Mhariri ndiye anayezifanyia kazi usiku na mchana, lakini hana mamlaka juu yake hata ya siku moja. Mwenye bajeti ndiye anayezipanga, ndiye anayezifupisha, na akitaka anazifuta kabisa.

Wise alianza kwa kubeba makopo ya filamu, akawa mhariri wa Citizen Kane, kisha mwongozaji, kisha mtayarishaji aliyechukua tuzo ya Oscar ya filamu bora mara mbili. Orodha hiyo inavutia, ila yenyewe haielezi kitu. Kinachoeleza ni nyakati tatu ambazo filamu zake ziliwekwa mbele ya watazamaji: Pomona mwaka 1942, Minneapolis mwaka 1965 na Washington mwaka 1979. Mara ya kwanza alikuwa mhariri asiye na kauli. Mara ya pili alikuwa mtayarishaji mwenye kauli. Mara ya tatu alikuwa mwongozaji mkongwe ambaye kalenda ilikuwa imemshinda nguvu.

Alivyoingia

Alizaliwa tarehe 10 Septemba 1914 mjini Winchester, Indiana, akakulia Connersville katika jimbo hilohilo. Alitaka kuwa mwandishi wa habari na alianza masomo Franklin College. Mdororo Mkuu wa uchumi ukakatiza safari hiyo, na mwaka 1933 akaacha chuo. Kaka yake, David, tayari alikuwa na kazi katika studio ya RKO huko Hollywood. Kupitia kwake Robert akapata nafasi katika idara ya kusafirisha filamu: kubeba makopo, kukagua nakala, kuzifikisha zinakotakiwa.

Kutoka hapo hakwenda moja kwa moja kwenye picha. Alipitia sauti kwanza, akihariri vishindo na muziki, kabla ya kuwa msaidizi wa mhariri mkongwe William Hamilton. Wanaosimulia maisha yake huipita hatua hii haraka, nami naona ndiyo iliyomjenga. Aliyeanza kwenye picha hujifunza kuuliza shoti iishie wapi. Aliyeanza kwenye sauti hujua kwamba tukio linaweza kusikika kabla halijaonekana, na likaendelea kusikika baada ya kuondoka machoni. Miaka mingi baadaye Wise alitayarisha filamu za muziki, ambazo nyimbo hurekodiwa kwanza na picha hupigwa kuufuata wimbo ulio tayari. Masikio yale ya RKO yalimfaa kuliko cheo chochote.

Mwaka 1939 alikuwa ameshaanza kupewa filamu zake mwenyewe za kuhariri. Mwaka uliofuata Orson Welles, kijana wa miaka 25 aliyeingia studio kwa kishindo, alitaka mhariri wa rika lake badala ya mzee aliyepangiwa. Akapewa Wise, aliyemzidi kwa miezi michache tu, na msaidizi wa Wise akawa Mark Robson. Jina la Robson tulikumbuke, litarudi.

Kuna sehemu mbili za Citizen Kane zinazofaa kutazamwa kwa ukaribu na yeyote anayefanya kazi hii. Ya kwanza ni ile filamu ya habari inayosimulia maisha ya Kane mwanzoni. Ilitakiwa ionekane imeokotwa kwenye ghala, imechakaa kwa miaka. Leo mtu angebonyeza kitufe. Wise na Robson waliiburuza filamu yenyewe sakafuni, wakaipitisha kwenye kitambaa chenye mchanga ili ijikwaruze. Kwa mtu aliyefunzwa kwamba mkwaruzo mmoja kwenye filamu ni kosa la kufukuzisha kazi, huo ulikuwa ujasiri.

Ya pili ni ndoa ya kwanza ya Kane inayovunjika mezani wakati wa kifungua kinywa. Wazo na mpangilio ni vya Welles. Kasi yake ilitafutwa kwenye chumba cha kuhariri. Mwanzo mume na mke wamekaa karibu, wanatazamana. Kamera inageuka kwa kasi mpaka kila kitu kinakuwa ukungu, na inapotulia miaka imepita, nguo zimebadilika, sauti zimekuwa kali kidogo. Inageuka tena, na tena. Mwisho wako kimya kwenye ncha mbili za meza ndefu, na mke anasoma gazeti la mpinzani wa mumewe. Miaka ya ndoa inamalizwa kwa dakika chache, na hakuna aliyetamka kwamba penzi limekufa. Ukiongeza sekunde moja kwenye kituo kimojawapo, mstari wote unalegea. Wise aliteuliwa kuwania Oscar ya uhariri kwa filamu hiyo.

Pomona, 1942

Filamu iliyofuata ya Welles ilikuwa The Magnificent Ambersons, na hapa ndipo kisa chetu kinapoanza kuuma.

Mwanzoni mwa Februari 1942 Welles aliondoka kwenda Brazil kupiga filamu nyingine iliyohusishwa na juhudi za serikali ya Marekani za kujenga ujirani mwema na Amerika ya Kusini wakati wa vita. Mpango ulikuwa Wise amfuate Rio de Janeiro na filamu, wamalizie uhariri pamoja huko. Vikwazo vya usafiri wa raia wakati wa vita vikamzuia. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa bara moja, filamu ilikuwa bara jingine, na kati yao kulikuwa na simu mbovu na telegramu ndefu zenye maagizo ya kukata hapa na kurudisha pale.

Welles pia alikuwa amekubali mkataba mpya na RKO ambao ulimwondolea kauli ya mwisho juu ya mkato. Anayetafuta chanzo cha yote yaliyofuata asianzie kwenye mkasi wa mtu. Aanzie kwenye karatasi hiyo.

Mkato wa awali ulikuwa na dakika kama 132. Tarehe 17 Machi 1942 toleo lililokwisha kupunguzwa liliwekwa mbele ya watazamaji wa Pomona, California, kama onyesho la majaribio. Watu hao walikuwa wametoka kutazama filamu nyepesi ya nyimbo na mabaharia. Sasa wakawekewa kisa kizito cha familia tajiri inayoporomoka. Wakacheka pasipochekesha, na wengi wa waliojaza kadi za maoni waliandika maneno makali. Mkuu wa studio, George Schaefer, alikuwepo ukumbini.

Siku mbili baadaye kulikuwa na onyesho jingine Pasadena, ambako mapokezi yalikuwa bora zaidi. Lakini hofu ilikwisha ingia. Kwa miezi iliyofuata filamu ilikatwa, matukio yakapigwa upya bila Welles, mengine yakaongozwa na Wise mwenyewe, na mwisho ukabadilishwa kuwa wa matumaini. Bernard Herrmann, aliyetunga muziki, aliona kazi yake imenyofolewa kiasi kwamba alitaka jina lake liondolewe. Mwezi Julai filamu ilitoka ikiwa na dakika 88. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa baadaye, na hadi leo havijapatikana.

Welles alijihisi amesalitiwa, na wapenzi wa filamu wengi wamemhukumu Wise tangu hapo. Hukumu yangu ni tofauti kidogo. Wise alikuwa mwajiriwa wa studio. Angekataa, kazi ingepewa mhariri mwingine jioni ileile, tena huenda asiyejali. Hata hivyo siwezi kumwita mkono tu uliotumwa. Mtu anayekubali kuongoza matukio ya kuziba pengo ameshiriki uamuzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alishiriki. Alisema kwa miaka mingi kwamba nia ilikuwa kuifanya filamu ikubalike kwa watazamaji, na pia alikiri kwamba toleo refu la Welles lilikuwa kazi bora zaidi kisanaa. Kauli hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja. Ndizo zinazomfanya awe kisa cha kuchambua, maana shujaa mtupu au msaliti mtupu hatufundishi chochote.

Tazama sasa kilichokosekana. Ujuzi ulikuwepo, na filamu nzuri ilikuwepo kwenye makopo. Onyesho la Pomona lenyewe lilikuwa chombo halali: unawaonyesha watu, unasikia wanapochoka, unarudi mezani kurekebisha. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyeielewa filamu na aliye tayari kusema "tupeni muda". Mwenye kuielewa alikuwa Brazil bila kauli. Mwenye kauli alikuwa ukumbini na hofu yake. Mhariri alikaa katikati, anajua kila fremu na hawezi kuilinda hata moja. Hali hiyo haikuwa ya Wise peke yake. Kila mhariri aliyewahi kupigiwa simu usiku na kuambiwa "punguza dakika kumi, kesho tunaonyesha" anaifahamu.

Kuhamia upande mwingine wa meza

Nafasi ilikuja kwa bahati mbaya ya mwenzake. Mwaka 1943 Wise alikuwa mhariri wa The Curse of the Cat People, filamu ndogo ya mtayarishaji Val Lewton. Ratiba ilikuwa ya siku 18, na zilipokwisha mwongozaji Gunther von Fritsch alikuwa amepiga nusu tu ya muswada. Lewton akampa Wise kazi ya kuimalizia. Kwa nini mhariri? Kwa sababu alikuwa anaishi na vipande vyote. Alijua kilichokwisha pigwa, alijua kinachokosekana, na asingepoteza saa moja kupiga kitu kisichoungana na kilichopo. Studio inapoishiwa siku, mtu wa namna hiyo ni mali.

Lewton mwenyewe alikuwa darasa. Alitengeneza filamu za kutisha kwa fedha kidogo sana, na badala ya kuonyesha jinamizi alionyesha kivuli, akaacha sauti ifanye kazi. Mhariri aliyetokea kwenye sauti alikuwa nyumbani hapo. The Body Snatcher ya mwaka 1945 ni tunda la shule hiyo. Halafu The Set-Up ya mwaka 1949, kisa cha bondia mzee anayekataa kuuza pambano. Filamu ina dakika 72, na kisa chenyewe kinachukua muda uleule: saa inaonekana mwanzoni, saa inaonekana mwishoni, hakuna kuruka. Fikiria maana yake kwa mtayarishaji. Huwezi kuokoa tukio refu kwa kukata "saa mbili baadaye". Kila mwendo wa mtu kutoka chumba cha kuvalia hadi ulingoni lazima uwe umepimwa kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa. Ni uhariri uliofanyika kabla ya kupiga picha. Filamu ilipewa tuzo ya wahakiki huko Cannes.

Mwaka huohuo, 1949, yeye na Mark Robson, yule msaidizi wake wa zamani, pamoja na Theron Warth, naye mtu wa chumba cha kuhariri cha RKO, walianzisha kampuni iitwayo Aspen Productions. Watu watatu waliotoka kwenye mikasi wakaamua kuwa na kampuni. Walitoa The Captive City mwaka 1952, Wise akiongoza na Warth akitayarisha, na Return to Paradise mwaka 1953 iliyoongozwa na Robson. Kampuni haikudumu. Umuhimu wake kwangu ni kwamba hapo ndipo Wise alipoanza kulipa kodi ya uhuru: kutafuta msambazaji, kuhesabu siku, kubeba hasara. Hakurukia utayarishaji kwa sababu ya sifa. Aliingia kwa mlango mdogo, akatoka, akarudi studio kubwa kuongoza filamu za wengine kwa miaka, kisha akaingia tena.

Aliporudi alikuwa amebadilika. Mwaka 1959 alitayarisha na kuongoza Odds Against Tomorrow, kwa ushirikiano na kampuni ya mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte, na uhariri akampa Dede Allen, ambaye hakuwa amepata filamu kubwa. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kisa chake. Mtu aliyehariri Citizen Kane anapoajiri mhariri, hofu ya kila mmoja ni kwamba atasimama nyuma ya kiti na kuelekeza kila mkato. Allen mwenyewe alisimulia kinyume chake: Wise alimhimiza ajaribu, aharibu, ajaribu tena. Alimpa kile alichokosa yeye mwaka 1942. Miaka minane baadaye Allen alihariri Bonnie and Clyde na kubadilisha namna Hollywood inavyokata filamu, na mwaka 1992 akawa mkuu wa kazi za baada ya upigaji picha katika studio ya Warner Bros.

Mhariri akishakuwa mtayarishaji, kazi ngumu kuliko zote ni kuachia mkasi. Wengi hawawezi. Wanabaki wahariri wenye cheo kikubwa, wanachelewesha kila mtu kwa sababu ya fremu nne. Wise aliweza, na ushahidi uko wazi: Thomas Stanford alipata Oscar ya uhariri kwa West Side Story, na William Reynolds akapata kwa The Sound of Music. Filamu zote mbili Wise ndiye mtayarishaji, na tuzo za mkasi zilikwenda kwa wengine.

Minneapolis, 1965

West Side Story ilikuwa mtihani wa uongozi kuliko wa sanaa. Wise aliitayarisha kwa kampuni ya Mirisch na kuiongoza pamoja na Jerome Robbins, mbunifu wa dansi aliyeiumba jukwaani. Robbins alirudia dansi mara nyingi mno. Ratiba ikachelewa, gharama zikapanda, na wenye fedha wakamwondoa kabla upigaji haujaisha. Mtayarishaji mwingine angefuta jina lake. Wise alikubali Robbins abaki kuwa mwongozaji mwenza, na Robbins aliendelea kutoa maoni kuhusu mkato. Mwaka 1962 walipokea Oscar ya mwongozaji bora wote wawili, mara ya kwanza tuzo hiyo kugawanywa. Filamu ilichukua tuzo 10. Siwezi kuthibitisha kwamba alikuwa anamkumbuka Welles aliyekuwa Brazil. Ila ukiweka visa viwili kando kwa kando, mwongozaji aliyeondolewa mwaka 1942 na aliyeondolewa mwaka 1960, tofauti ya namna walivyotendewa wakati wa uhariri inaonekana bila darubini.

Kisha ikaja The Sound of Music. Studio ya Fox ilikuwa imeumizwa vibaya na gharama za filamu yake ya Cleopatra. William Wyler aliyepangiwa filamu hiyo alijitoa. Wise alikuwa anaandaa The Sand Pebbles, lakini maandalizi yake yalichelewa, hivyo akaichukua kazi hii katikati, kama mtayarishaji na mwongozaji.

Tuchukue wimbo mmoja tu, ule ambao Maria anawafundisha watoto noti za muziki. Unaanzia kwenye uwanda wa nyasi milimani na kuishia kwenye ngazi za bustani ya Mirabell mjini Salzburg. Katikati watoto wanapita sokoni, ukingo wa mto, juu ya baiskeli, ndani ya gari la farasi, nguo zikibadilika njiani. Wimbo ni mmoja na unakwenda bila kukatika; picha zilipigwa siku tofauti, mahali tofauti, mvua ikinyesha mara kwa mara kuliko walivyotarajia. Kwa kuwa sauti ilikuwa imerekodiwa tayari, kila eneo lilihitaji mistari yake kamili ya wimbo, si zaidi na si pungufu. Ukipiga mistari miwili ya ziada kwenye kila eneo "kwa usalama", unaongeza siku, na kila siku ni hoteli, magari, watoto saba na msururu wa mafundi. Ukipiga pungufu, una tundu ambalo hakuna mkasi utakaoliziba. Michoro ya matukio ilichorwa mapema na Maurice Zuberano, ambaye Wise alimtegemea sana. Yaani mkato ulikuwepo kwenye karatasi kabla ya ndege kutua Austria.

Hapo ndipo thamani ya mhariri kwenye kiti cha mtayarishaji inapogeuka kuwa fedha halisi. Mtayarishaji aliyetokea uhasibu anaokoa kwa kupunguza: punguza waigizaji wa ziada, punguza siku. Aliyetokea chumba cha kuhariri anajua kitu gani hakitatumika kamwe, anakiondoa kwenye ratiba, na fedha inayobaki anaimwaga pale panapohitaji. Ile shoti ya mwanzo, helikopta ikishuka kwa Julie Andrews mlimani, ilikuwa ghali na ya kuchosha. Upepo wa helikopta ulimwangusha mwigizaji tena na tena. Waliirudia, kwa sababu filamu nzima ilihitaji mlango huo.

Januari 1965 filamu ilipelekwa Minneapolis na Tulsa kwa maonyesho ya majaribio. Watu walifurahi mno. Kwa mantiki ya kawaida ya studio kazi ilikuwa imekwisha. Nani anagusa filamu iliyoshangiliwa? Wise alirudi mezani na kufanya marekebisho kadhaa ya mwisho kabla ya kuifunga. Kwangu hiki ndicho kitovu cha kisa. Pomona, onyesho la majaribio lilikuwa mahakama na watazamaji walikuwa mahakimu. Minneapolis, lilikuwa kipimo, na aliyekisoma alikuwa mtu mwenye ujuzi wa kukisoma na mamlaka ya kuamua. Onyesho ni la aina ileile, kadi ni za aina ileile. Kilichobadilika ni mwenye wiki zile.

Filamu ilipata Oscar 5, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora, na ikaipita filamu ya Gone with the Wind kwa mapato ya tiketi. Fox ikapumua. The Sand Pebbles ikafuata mwaka 1966, ikateuliwa kwa tuzo 8 na kutoka mikono mitupu, lakini usiku huohuo wa Aprili 1967 Wise alipewa tuzo ya Irving G. Thalberg, heshima ambayo Akademia, taasisi inayotoa Oscar, huwapa watayarishaji kwa kazi ya maisha.

Washington, 1979

Uchambuzi unaoishia kwenye ushindi ni tangazo, kwa hiyo tuendelee.

Mwaka 1968 Wise aliongoza Star!, tena na Julie Andrews, kwa gharama ya dola milioni 14 hivi. Mtayarishaji alikuwa Saul Chaplin. Watazamaji hawakuja. Studio iliifupisha, ikaibadilisha jina, ikaitoa tena mwaka uliofuata, na bado hawakuja. Si kila filamu huokolewa na mkato, na hilo mhariri anapaswa kulijua kuliko mtu yeyote.

Miaka ya 1970 ilimkuta kwenye uongozi wa chama cha waongozaji, Directors Guild of America, akiwa rais kuanzia 1971 hadi 1975. Chama hicho kilikuwa kimepata mwaka 1964 haki ya kimkataba ya mwongozaji kutengeneza mkato wake wa kwanza bila kuingiliwa. Kwa filamu ndefu za studio kubwa kipindi hicho siku hizi ni wiki 10. Angalia kwamba haki hiyo inapimwa kwa wiki. Waliopigania walijua wanachopigania. Na mhariri hana wiki yake kwenye mkataba wowote wa aina hiyo. Anaishi ndani ya wiki za mwongozaji, kisha ndani ya wiki za mtayarishaji.

Halafu studio ya Paramount ikampa filamu ya anga, Star Trek: The Motion Picture, akiwa mwongozaji tu. Mtayarishaji alikuwa Gene Roddenberry, na juu ya wote ilikaa tarehe: 7 Desemba 1979. Majumba ya sinema yalikwisha kuahidiwa filamu siku hiyo, na fedha zilikwisha ahidiwa. Kampuni ya kwanza iliyopewa picha za kompyuta na maumbo ya angani ilishindwa kutoa kinachotakiwa, kazi ikahamishiwa kwa Douglas Trumbull na John Dykstra wakati muda umebaki mdogo. Vipande vya angani vilikuwa vinafika mezani dakika za mwisho. Mhariri anaunganisha tukio huku nusu yake haijatengenezwa, na kinapofika hakuna nafasi ya kukipunguza, kwa hiyo kinaingia kizima. Ndiyo sababu filamu ile ina safari ndefu za chombo ambazo watu walilalamikia: hazikupata wiki ya kukatwa.

Onyesho la majaribio halikufanyika hata moja. Wise alikwenda Washington kwenye uzinduzi akiwa na nakala iliyotoka maabara muda huohuo, na hakuwa ameiona ikiwa kamili mbele ya watu. Mtu aliyekuwa na miaka 65, Oscar nne nyumbani, mwenye uzoefu wa kuhariri kuliko karibu kila aliyekuwa kwenye jengo lile, aliingia ukumbini kama mhariri wa mwaka 1942: anajua kinachohitaji kurekebishwa na hana siku ya kurekebisha. Kibiashara haikuanguka, ilikusanya zaidi ya dola milioni 80 nchini Marekani, na mfululizo wa filamu ukaendelea bila yeye. Lakini alirudia kusema kwamba anasikitika kutoipeleka kwenye majaribio.

Wanaosema Wise hakuwa na sahihi yake, kwamba ukitazama filamu zake kumi huoni mtu mmoja, wana hoja, na nadhani sababu ni tabia ya chumba cha kuhariri: kuuliza kipande kinataka nini kabla ya kuuliza mimi nataka nini. Tabia hiyo ilimpa filamu ya kutisha, ya ndondi, ya muziki na ya anga bila kubabaika. Ilimnyima ule ukaidi ambao ungemfanya akatae tarehe ya Paramount.

Mwaka 2001, miaka 22 baada ya uzinduzi, Paramount ilitoa kwenye DVD toleo la mwongozaji la filamu hiyo. Wise, akiwa na miaka 87, alisimamia kikundi kidogo kilichosuka upya sauti, kikakamilisha picha za angani zilizokuwa zimeachwa njiani na kurekebisha mwendo wa matukio. Alifariki Los Angeles tarehe 14 Septemba 2005, na filamu hiyo ikiwa imepata wiki ilizokosa.